Vikasha Saba Visivyopatikana

Chumba cha mzee kilikuwa na kiti kimoja, na Inspekta alikuwa amekikalia. Mpwa wa mzee alisimama mlangoni akizungusha funguo kidoleni. Pa kukaa pengine palikuwa kitandani tu, na kitanda cha mjomba hakikaliwi hivi hivi, basi akaendelea kusimama. Mezani palikuwa na sahani moja na kikombe kimoja. Ukutani palikuwa na msumari mmoja wa kutundikia koti, nao ulikuwa mtupu.

"Mara ya mwisho kumwona mjomba wako?"

"Jumapili, afande. Nilimletea sabuni."

"Leo Jumatano. Wewe umekuja kituoni jana jioni. Jirani anasema alikupigia Jumatatu, akakwambia taa ya mzee haijawaka."

Mpwa aliacha kuzungusha funguo. "Nilidhani amelala mapema."

"Na Jumanne asubuhi?"

"Nilikuwa na kazi."

Inspekta aliandika jibu hilo kama alivyoandika mengine. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, na tabia yake ilikuwa kuandika kila anachoambiwa, hasa kile ambacho hakukiamini. Kisha akavuta kisanduku cha vidonge vya presha kilichokuwa kando ya kikombe. Kilikuwa na vyumba saba, chumba kwa kila siku. Cha Jumatatu kilikuwa kitupu, na cha Jumanne kilikuwa bado na vidonge vyake viwili.

"Alikunywa dawa Jumatatu asubuhi, akavaa koti, akatoka," alisema. "Ana miaka mingapi?"

"Sabini na moja."

Siku ya pili, basi, bila dawa, na redio ya kituoni ilikuwa imetabiri mvua kubwa jioni hiyo. Ilikuwa saa sita na nusu mchana. Mzee kama yupo nje mahali fulani, alikuwa na masaa, hakuwa na siku.

Kilichobaki mezani ndicho kilichowatia askari wazimu tangu asubuhi. Palikuwa na vikasha vya plastiki vyenye vifuniko vya kubana, na mfuko wenye vifungo, penseli fupi na vigari vya kuchezea. Palikuwa pia na daftari gumu lenye mistari saba ya nambari, mwandiko ulionyooka utadhani umepigwa chapa. Kando ya kila mstari kulikuwa na tarehe na alama ya vema. Tarehe zote zilikuwa za Jumatatu. Sita ya kwanza ilikuwa na Jumatatu sita zilizopita, moja moja; zamu ya wiki hii ilikuwa ya mstari wa saba, nao haukuwa na tarehe mpya.

Sajini wa kituo alipoona vikasha hivyo alisema dawa za kulevya, akasema kwa furaha kabisa, maana hajapata kesi ya maana tangu mwaka jana. Zile nambari zilikuwa nambari za ramani. Akaingiza mstari wa saba kwenye simu yake, akachukua askari sita, wakaenda kupekua mahali simu ilipowapeleka. Palikuwa maegesho ya magari ya hospitali. Walilala chini ya magari kwa masaa mawili, wakaambulia paka na gurudumu bovu.

"Hii ni nini?" Inspekta aliuliza, akigonga daftari kwa kalamu.

Mpwa alikohoa. "Ni mchezo, afande."

"Nieleze."

"Mtu anaficha kikasha mahali. Anaweka nambari za mahali pale mtandaoni. Wengine wanafuata kwa simu, wanakitafuta, wanasaini kidaftari kilichomo ndani, wanakirudisha palepale. Wanajiita wasaka vikasha. Wapo dunia nzima."

"Anayekipata anapewa nini?"

"Hapewi kitu."

"Sasa wanacheza kwa nini?"

"Ndivyo nilivyomwuliza mjomba. Akasema yeye miaka thelathini na mbili ofisi ya ramani amenakili mipaka ya viwanja vya watu, na hakuna aliyewahi kwenda mahali kwa sababu yeye amemwambia aende."

Jibu hilo Inspekta aliliandika lote. Mzee huyu alifiwa na mke miaka minne iliyopita, hawakujaliwa watoto, na jirani wa ukuta mmoja alijua juu yake mambo mawili tu: taa yake na redio yake. Inspekta mwenyewe alikuwa anakula chakula cha mchana ndani ya gari, peke yake, vioo vimefungwa, na hakutaka kuendelea na mawazo hayo.

"Nionyeshe huo mtandao."

Mpwa alisita. Ilikuwa kusita kwa sekunde moja tu, lakini mtu aliyehoji watu miaka ishirini na sita anajua urefu wa sekunde. Alitoa simu. Akaunti ilikuwa ya mzee, ila baruapepe iliyoifungua ilikuwa ya mpwa, kwa sababu mzee hakuwa nayo. Mzee alikuwa akimpa nambari kwenye karatasi, yeye anaziingiza, basi. Vikasha saba, kimoja baada ya kingine, kwa muda wa mwaka na nusu. Na chini ya kila kimoja, neno lilelile: hakikupatikana.

"Jumbe ni nyingi hapa."

"Kumi na saba."

"Mjomba wako amezisoma?"

Mpwa alianza tena kuzungusha funguo.

"Nimekuuliza."

"Zinaingia kwenye baruapepe yangu, afande. Nilikuwa nazipita tu. Yeye akiniuliza kama kuna aliyeandika, nilikuwa namwambia hakuna." Aliinamisha kichwa. "Wengine wanamtukana. Wanasema mwongo. Nikaona ya nini kumuumiza."

"Kwa hiyo ukamwambia hakuna aliyekuja."

"Ndiyo."

Kulikuwa na ujumbe wa Ijumaa iliyopita, na huo Inspekta aliusoma mara mbili. Uliandikwa na mtu anayejiita Sindano. "Mzee, mara ya pili hii unanizungusha bure. Safari ijayo nitakutafuta wewe mwenyewe. Tutaelewana."

"Ingia kwenye gari," alimwambia mpwa. "Na funguo za chumba nipe mimi."

*

Kumpata Sindano haikuwa kazi. Watu wanaotaka kujificha hawaweki mtandaoni picha ya duka lao. Alikuwa fundi cherehani, mama mnene mwenye tepu ya kupimia shingoni na pini tatu mdomoni, na alipoona kitambulisho cha polisi alizitoa pini moja moja, bila haraka, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi yake.

"Jumatatu ulikuwa wapi, fundi?"

"Hapahapa. Nilikuwa nampima bibi harusi."

"Kuna shahidi?"

"Shangazi zake wanne. Ila ukienda kuwahoji, afande, wahoji mmoja mmoja. Wakiwa pamoja wanaongea wote."

"Uliandika kwamba utamtafuta mzee, muelewane."

Fundi alimtazama, kisha akamtazama mpwa aliyebaki mlangoni, na uso wake ukabadilika. "Amepatwa na nini?"

"Hajulikani alipo tangu Jumatatu."

Fundi alikaa chini juu ya marobota ya vitambaa. "Nilitaka kumfundisha," alisema. "Mtu akificha kikasha kisipatikane, kimeibwa. Viwili, ana bahati mbaya. Saba, afande? Huyo ama ni mchokozi, ama kuna kitu hajakielewa. Mimi mwanzo nilidhani mchokozi. Halafu nikafikiri, mchokozi gani anaandika maelezo mazuri vile? 'Leta kalamu, penseli ya ndani ni fupi.' Nikasema nitamtafuta."

"Haya maelezo yako mimi siyaelewi hata nusu," Inspekta alisema. "Huu mchezo mtu anauanzaje?"

"Hauelezwi. Unatembewa. Kuna kimoja hapo nyuma, hata dakika tano haifiki."

Inspekta aliangalia saa. Saa saba na dakika ishirini. Dakika tano alikuwa nazo, na hakuwa na uelekeo mwingine wowote. Fundi akamwekea programu kwenye simu yake, akamwambia achague jina lolote. Inspekta akaandika Mgeni, kwa kuwa ndilo lililomjia. Kwenye ramani kikatokea kidoti cha kijani, na mshale ukaanza kuhesabu mita kurudi nyuma, mia tatu, mia mbili, arobaini, mpaka ukawafikisha kwenye uzio wa chuma kando ya maktaba. Hapo ukasema umefika, ukatulia.

"Hakuna kitu hapa."

"Simu ikishasema umefika ndipo kazi inaanza. Simu inakosea mita tano, sita. Zilizobaki ni za macho."

Inspekta aliutazama uzio kama anavyotazama chumba kilichoibwa. Watu walikuwa wakipita, mmoja anaongea na simu, mwingine amebeba mkate. Uzio ulifungwa kwa boliti. Alizihesabu. Ya nne haikuwa na kutu.

Aliishika, ikang'oka mkononi. Ilikuwa na sumaku nyuma, ndani ina uwazi, na ndani ya uwazi karatasi iliyoviringwa. Alipoikunjua aliona majina ya utani yamepangwa mstari kwa mstari, na tarehe mbele ya kila moja, arobaini na kitu. Alikuwa amepita kwenye uzio huo kila siku kwenda kazini kwa miaka kumi na moja. Alihisi upweke wa ajabu, wa kugundua kwamba watu wote hawa walikuwa na siri pamoja, mchana kweupe, pembeni yake.

"Saini," fundi alisema.

"Baadaye. Nisomee nambari za mahali hapa."

Fundi alisoma kutoka kwenye simu: nyuzi, yaani digrii, halafu dakika, kumi na sita nukta nane saba nne.

"Rudia mwisho."

"Nukta nane saba nne. Tarakimu tatu kila mara. Ndivyo mtandao unavyotaka, dakika na sehemu zake."

Inspekta alifungua daftari la mzee juu ya uzio. Mistari saba, kila mstari una nambari mbili, jumla kumi na nne. Mzee aliandika tarakimu mbili tu baada ya nukta. Nukta thelathini na saba. Nukta hamsini na moja. Nukta sifuri nane. Nukta hamsini na nne. Alishuka na kalamu mpaka chini, akapanda tena.

"Fundi, ukichagua nambari kumi na nne ovyoovyo, kati ya sifuri na tisini na tisa, ngapi zitakuwa kubwa kuliko hamsini na tisa?"

"Tano. Sita."

"Hapa hakuna hata moja."

Fundi alisogea, akasoma, midomo ikitembea. Mpwa naye akasogea. Inspekta hakuwangoja.

"Hizi si sehemu za dakika. Hizi ni sekunde. Sekunde haivuki hamsini na tisa. Huko ofisi ya ramani walikuwa wanaandika dakika, wanaweka nukta, wanaandika sekunde. Ameandika hivyo miaka thelathini na mbili. Wewe," alimgeukia mpwa, "alipokupa karatasi, ulimwuliza nukta hii ni ya nini?"

"Nilijaza kama alivyoandika," mpwa alisema polepole. "Palibaki nafasi moja mwisho. Nikaweka sifuri."

"Nukta thelathini na saba ya dakika ni sekunde ishirini na mbili. Yeye alimaanisha thelathini na saba."

"Inakosea kiasi gani?" mpwa aliuliza.

Fundi alikuwa ameshaingiza nambari upya, safari hii kwa sekunde. Alama ikaruka kutoka maegesho ya hospitali, ikavuka reli, ikatua mahali ambapo ramani haikuandika chochote.

"Karibu mita mia nane," alisema. "Kwenye kiwanda cha zamani cha matofali. Mungu wangu. Kila kimoja hivyohivyo. Tulikuwa tunatafuta pasipo penyewe, na tunamtukana."

*

Matone ya kwanza yalipiga kioo cha gari walipokuwa wanavuka reli. Kiwanda kilibaki kuta mbili na bomba la moshi, na nyuma yake kulikuwa na mashimo ambayo zamani yalichimbwa udongo, yaliyoota magugu mpaka kwenye kingo. Inspekta alikuwa ameshaita gari la wagonjwa njiani. Waliambiwa lipo upande wa pili wa mji, wasubiri. Alimwita mzee kwa sauti. Hakuna aliyejibu. Akaita tena, mpwa naye akaita, "Mjomba," kwa sauti iliyomkatikia katikati.

"Msikimbie," Inspekta alisema. "Tembeeni nyuma yangu, mkanyage ninapokanyaga."

Mshale ulihesabu mita thelathini, kumi na mbili, sita. Ukasema umefika. Mbele yao palikuwa na ukingo wa shimo, na kwenye ukingo huo magugu yalikuwa yamelala upande mmoja, yameng'oka na mizizi, na udongo chini yake ulikuwa mwekundu, mpya. Inspekta alilala kifudifudi akachungulia.

Mzee alikuwa chini, kiasi cha kimo cha watu wawili, ameegemea ukuta wa udongo. Mguu wa kulia ulikuwa umekaa vibaya. Koti alikuwa amelivua, amelifunikia kitu kifuani pake.

Alifumbua macho. "Nani huyo?"

"Polisi, mzee. Tumekuja kukutoa."

"Ah," mzee alisema, na akafumba macho tena. "Nilidhani mtu amekuja kutafuta."

Inspekta alishuka kwa kuteleza, akichafuka kuanzia magoti mpaka kiunoni. Mpwa alimfuata akiwa na maji na turubai la gari. Fundi alibaki juu kidogo, kisha naye, pamoja na unene wake wote, akashuka kwa makalio akishika magugu. Mzee alikunywa maji kwa mafundo madogo. Mapigo yake yalikuwa ya haraka, ngozi yake kavu, lakini akili ilikuwa imetulia. Alieleza kama anayetoa taarifa kazini: alikuja Jumatatu saa tatu, alikuta kikasha kipo salama, alipokuwa anakirudisha ukingo ukaporomoka. Kikasha kilianguka naye. Alikuwa amekifunika koti kisilowe.

"Kwani ulikuja kukifanya nini?" fundi aliuliza.

"Kuangalia kama kuna aliyesaini. Huwa nazungukia kimoja kila Jumatatu." Aliwatazama. "Kidaftari nilikipiga mistari hamsini. Vyote saba hivyo. Hakuna aliyewahi kuja, lakini mtu akija akute pameandaliwa."

Mvua iliongezeka, ikapiga turubai walilokuwa wamelishika juu yake, na maji yakaanza kutiririka kwenye pembe ya shimo. Inspekta alimtazama mpwa. Alimtazama tu, kwa muda mrefu kuliko anavyowatazama wanaokiri.

"Mjomba," mpwa alisema. "Walikuja."

"Nani walikuja?"

"Watu. Waliandika. Mimi ndiye niliyekwambia hakuna, nikidhani nakuepusha na maneno. Walikuja, wakakosa, kwa sababu ulinipa sekunde, mimi nikazijaza kama sehemu za dakika. Ilikuwa inawapeleka kwingine."

Midomo ya mzee ilisogea, na Inspekta akaelewa kwamba anapiga hesabu.

"Nukta," alisema mwishowe. "Ofisini kwetu nukta ni sekunde." Kisha, "Vyote saba?"

"Vyote saba."

"Walikuja mara ngapi?"

"Kumi na saba."

Mzee alijifunika uso kwa kiganja chenye udongo, na mabega yake yakaanza kutikisika. Fundi akamshika mkono. Kutoka upande wa hospitali hapakusikika king'ora chochote bado.

"Nisomee," mzee alisema ndani ya kiganja.

Mpwa alitoa simu, akaikinga mvua kwa kifua chake. Alisoma la kwanza: Miguu Mirefu, tarehe tatu mwezi wa pili, alitafuta saa nzima. Alisoma la pili: Baba Mapacha, alikuja na watoto wote wawili. Kobe wa Reli alikuja mara mbili. Kila jina alilisoma na tarehe yake, na Inspekta, aliyekuwa ameshaziona jumbe zile, alijua ni wapi neno mwongo lilipaswa kusomwa, na alisikia mpwa akiliruka kila mara bila kujikwaa. Alipofika kwa Sindano, fundi alisema, "Huyo ni mimi," kwa sauti ndogo, na mzee akafungua macho akamtazama vizuri, kutoka kwenye tepu ya shingoni mpaka kwenye viatu vilivyojaa tope.

Mpwa alimaliza la kumi na saba. Maji ya mvua yalikuwa sasa yamewafikia kwenye vifundo vya miguu, na wote wanne walikuwa wamesogea karibu kabisa chini ya turubai moja. Mbali, ng'ambo ya reli, king'ora kikaanza kusikika.

"Wanakuja, mzee," Inspekta alisema.

"Nimesikia," mzee alisema. Akamgeukia mpwa wake. "Anza tena. Na safari hii usiharakishe tarehe."